Naishi kwa Kutia Madoa

Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama wenzangu wa sindano, na nyinyi vijana mliojibanza nyuma karibu na mlango kama watu wanaopima njia ya kutorokea: hamjambo?

Niliombwa nije nizungumze, nikasema siwezi kuzungumza bila sufuria. Ile mnayoiona pale mezani, juu ya jiko la gesi, haina chai. Mtu asiichote hata kama baridi ya Nyahururu imembana. Ni maji ya ndimu, yanangoja kazi.

Kabla sijaendelea, pitisheni hili donge la uzi mkono kwa mkono. Msilivute, litafumuka. Aliyekaa mbali ataliona jeupe lenye uwaridi wa mbali, kama maziwa yaliyodondokewa na zambarau. Lilete karibu na macho. Utaona doa la waridi, kisha upana wa vidole viwili vya weupe mtupu, doa la buluu, weupe tena, halafu kipunje cha rangi ya kutu ambacho hukukitazamia. Madoa mengine hayazidi punje ya wimbi. Uzi huu haukuzaliwa hivyo. Ulikuwa mweupe, nami nikautia madoa jikoni kwangu, Jumanne jioni, watoto wakiwa wamefukuzwa waende kufanyia kazi zao za shule chumba cha pili.

Kwa Kiswahili kumtia mtu doa ni kumharibia jina. Mimi nimetia madoa miaka tisa sasa na bado mnanialika.

Kuna ndege mnayemjua nyote, kanga, yule mwenye makelele na manyoya meusi yaliyonyunyiziwa vitone vyeupe. Wageni wetu kutoka Mombasa watanisahihisha nikikosea, lakini kule pwani husimuliwa kwamba leso ziliitwa kanga kwa sababu zile za mwanzo zilikuwa na vitone kama vya ndege huyo. Basi uzi wa madoadoa si kitu kigeni cha kutuogofya. Jicho letu lilikwisha kuupenda mtindo huu kabla bibi zetu hawajashika sindano. Kilicho kigeni ni namna ya kuufanya, na hilo ndilo lililonileta.

Watu wakiuona huu uzi huuliza kwanza: ni mashine gani? Wakiambiwa ni mkono, husema: ah, basi ni bahati, unarusha tu unga na kungoja. Nimekuja kulibisha hilo neno bahati. Doa ni rangi iliyokamatwa kabla haijakimbia. Rangi ikipata maji ya kutosha na muda wa kutosha, itakimbia, na utapata uzi wa rangi moja ulioparara. Ukiikamata mapema, itakaa palepale ilipoangukia. Kila nitakachosema leo ni njia ya kuikamata mapema.

Lakini kwanza, itakamatwa na nani? Hapa ndipo nilipoanguka mimi.

Sisi huku kila uzi wa kufumia sweta tunauita wuli. Dukani unaitwa wuli, sokoni wuli, mama akikutuma anakutuma wuli. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua mafungu manne ya wuli nyeupe, nikawasha jiko tangu asubuhi, nikachemsha, nikanyunyiza, nikafunika. Jioni nikausuuza uzi wangu kwenye beseni, na rangi yote ikashuka na maji, ikaenda zake kwenye mtaro. Uzi ukabaki mweupe kama mtu asiyehusika na lolote. Nilikuwa nimeupika uzi wa akriliki, yaani plastiki iliyotokana na mafuta ya petroli. Haujawahi kumwona kondoo hata pichani.

Tangu siku hiyo sinunui uzi bila kiberiti mfukoni. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa koleo au kibanio, kichome juu ya kisahani. Sufu ya kweli huwaka kwa kusitasita, hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake hupondeka ukilibinya. Akriliki huyeyuka, hunuka kemikali, na huacha kijidonge kigumu cheusi. Pamba huwaka upesi na kunuka karatasi. Sekunde kumi tu, na zingeniokolea Jumamosi nzima.

Nimesema sufu, si sufi. Sufi ni ile ya mti wa msufi, ya kujazia mito na magodoro. Sufu ndiyo manyoya ya kondoo. Na si kila kondoo. Kondoo mwekundu wa Kimaasai na yule Dorper mwenye kichwa cheusi ni wa nyama. Miili yao ina nywele fupi zisizosokoteka. Sufu ya kusokotwa hutoka kwa kina Merino, Corriedale na Romney, ambao hapa kwetu wanafugwa penye baridi: Nyandarua, Molo, Timau. Walowezi walipowaleta Merino Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi walikufa, na baadaye ikaja kujulikana kwamba udongo wa huko kwenye Bonde la Ufa ulikuwa umepungukiwa na madini ambayo kondoo hawezi kuishi bila hayo. Lakini ufugaji haukukoma, na kule Nanyuki kina mama wamekuwa wakisokota na kufuma sufu pamoja tangu 1977. Ukitaka uzi mweupe usiotiwa kitu, waulize wasokotaji kwanza. Usianze na duka.

Sasa, kwa nini sufu hushika rangi na akriliki hukataa? Tazameni kucha zangu. Hiki kijani si rangi ya kucha ya saluni. Sufu, nywele na kucha ni ukoo mmoja. Zote zimejengwa kwa protini moja iitwayo keratini. Kinachoshika kwenye kucha kitashika kwenye sufu. Kina mama wa pwani wanalijua hili bila kufundishwa darasani: mnapokanda hina mnaikamulia ndimu. Ule uchachu ndio huo huo ninaoutaka mimi katika sufuria. Uchachu huifanya sufu iite rangi, joto huifungulia mlango. Kimoja bila kingine hakitoshi. Uzi ulio kwenye maji machachu ya baridi utaipokea rangi polepole mno, na ulio kwenye maji moto yasiyo na uchachu utaiacha ielee.

Mnayemwona kucha zake zimekuwa kijani ni mtu aliyesahau glavu. Nitarudi kwenye glavu.

Rangi zinazofaa sufu huitwa rangi za asidi. Jina linatisha, lakini baadhi yake mmezila. Ile rangi ya biriani ya unga, ya njano au ya machungwa, geuza pakiti usome: mara nyingi utakuta E102 au E110. Hizo ni rangi za asidi kamili. Mwanafunzi wangu yeyote huanzia hapo, kwa sababu akikosea hakuna kilichoharibika isipokuwa uzi, na sufuria yake bado itapikia. Kasoro yake ni kwamba hazivumilii jua. Kofia ya mtoto iliyotiwa rangi ya biriani itapauka kabla mtoto hajaota meno yote. Kwa kazi ya kuuza, tafuta unga wa rangi uliotengenezewa sufu na hariri.

Na hizi rangi za unga, mnajua zilianzaje? Kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa London mwaka 1856 akihangaika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Dawa haikupatikana. Chombo chake kikabaki na uchafu mweusi ambao, alipojaribu kuuosha kwa spiriti, ukatoa zambarau. Akajaribu kwenye hariri, ikashika. Sisi huku juu ambako mbu anaona baridi kupanda tunavuna matunda ya mtu aliyekuwa akimtafuta mbu.

Haya, twende jikoni. Na hapa nitakwenda taratibu, maana hapa ndipo pesa ilipo.

Usiku wa kuamkia kazi, naosha uzi. Uzi uliosokotwa kwa mkono bado una mafuta ya kondoo. Ukishika utaona vidole vinang'aa. Mafuta hayo huzuia rangi, unapata mabaka ambayo hukuyapanga. Naulaza kwenye maji ya moto yenye sabuni ya kuoshea vyombo, nauacha, siusugui. Sufu ikisuguliwa ndani ya maji moto hushikana na kuwa blanketi. Hata ukiitoa kwenye maji moto na kuitumbukiza ghafla kwenye baridi hali ni hiyo hiyo. Mtendee uzi kama mtoto mchanga: maji yasimshtue, mikono isimpapase.

Kabla ya kuosha, nafunga lile fungu sehemu nne kwa kijikamba cha pamba, kwa kitanzi kilicholegea, lisije likavurugika. Kikumbukeni hicho kijikamba cha pamba. Nitakitolea ushahidi baadaye.

Asubuhi nauloweka uzi kwenye maji yenye uchachu, kijiko kimoja cha chai cha ndimu ya unga kwa kila lita, nusu saa nzima. Asiye na ndimu ya unga atumie siki nyeupe. Wengi huruka hatua hii, wanatia uchachu mwishoni, rangi ikiwa imeshanyunyizwa. Kwa uzi wa rangi moja ni sawa, hata ni vizuri, rangi inapata muda wa kuenea. Kwa madoa ni kosa. Uchachu uwe ndani ya uzi tayari, ukimsubiri mgeni mlangoni, ili unga ukigusa tu ushikwe.

Kisha nakamua. Nakamua hadi uzi usidondoshe, lakini mkono ukiugusa uhisi ubaridi wa maji. Hapa hakuna kipimo, kuna mkono. Uzi ukilowa sana, madoa yatatambaa yageuke mawingu. Ukikauka, unga utakaa juu yake kama vumbi juu ya kabati na utapeperuka.

Nalaza uzi kwenye trei pana, nauchanua usilaliane. Nafunga dirisha, si kwa sababu ya baridi, bali upepo. Navaa barakoa na glavu. Naomba tusicheke hapa. Unga wa rangi ni mwepesi kuliko unga wa ngano, unaingia mapafuni, na kuna watu ambao miili yao huanza kuukataa wakawa wanabanwa kifua kila wakiusogelea. Barakoa zile tulizobaki nazo tangu korona zina kazi. Na ukishatumia rangi isiyo ya chakula, ile sufuria, ile trei na kile kijiko visirudi kwenye ugali kamwe. Mimi vyangu nimevipaka alama nyekundu chini, na mume wangu bado mara moja alikaribia kupashia maziwa.

Kunyunyiza kwenyewe: kichungi cha chai kidogo, kile cha kikombe kimoja. Natia humo unga kidogo sana, ncha ya kisu, niliouchanganya na chumvi ya mezani mara tano au sita ya wingi wake. Chumvi ni ya kuutawanya tu, punje zisianguke zikiwa zimeshikana. Nashika kichungi urefu wa mkono juu ya trei na kukigonga kwa kidole. Tap. Mara moja, nasogea. Tap. Usikitikise kama unachekecha unga wa chapati! Vijana wangu wa kwanza walikuwa wakichekecha, tukapata uzi uliofanana na uliolala njiani matatu ikapita.

Sasa tazameni jambo ambalo hunifurahisha hata leo. Unga mweusi mwingi wa dukani si mweusi. Ni mchanganyiko wa rangi tatu nne zilizowekwa pamoja. Ukiunyunyiza juu ya uzi wenye unyevu, kila rangi ndani yake hushikwa kwa mwendo wake. Moja inashikwa palepale, nyingine inatembea kidogo kabla ya kushikwa. Unaishia na kitone cheusi chenye duara la zambarau au kijani pembeni, kama jicho lililotiwa wanja. Hudhurungi hufanya vivyo hivyo. Ukitaka doa safi lisilo na duara, chagua unga ambao ni rangi moja tangu kiwandani. Nina daftari la kurasa zilizobandikwa vipande vya uzi, kila kimoja na jina la unga, uzito wake, na maji ya wapi. Anayesema ni bahati nitamwonyesha daftari.

Nimesema maji ya wapi. Hili niliwahi kulilipia. Zamani nilipokuwa naishi upande wa Nakuru nilitumia maji ya mvua, na kazi ilikwenda vizuri. Ukaja mwaka wa ukame, tanki likakauka, nikanunua maji ya kisima kirefu. Uzi ule ule, unga ule ule, ndimu ile ile. Madoa yakatambaa, maji ya sufuria yakabaki mekundu saa nzima. Nikamlaumu aliyeniuzia rangi, nikamtolea maneno ambayo ilibidi nirudi kumwomba radhi. Kumbe ni maji. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa, hayo hayo yanayotupaka meno rangi ya chai, yana magadi ndani yake. Magadi humla ndimu. Uchachu wangu ulikuwa unaisha kabla haujaufikia uzi. Tiba ni kuongeza ndimu mara mbili au tatu, au kusubiri mvua. Sasa nina kikaratasi cha kupimia uchachu, kile kinachobadilika rangi, na sianzi kazi bila kukichovya.

Baada ya kunyunyiza upande mmoja, nabonyeza kwa mkono wenye glavu ili unga ushuke ndani, nageuza, nanyunyiza upande wa pili. Kisha mvuke. Ile sufuria yenye kichujio cha kupikia vyakula vya mvuke, maji chini, uzi juu umefunikwa kwa karatasi ya nailoni inayovumilia joto, dakika thelathini tangu mvuke uanze. Ukitaka madoa laini yenye kingo za ukungu, acha mvuke. Weka uzi kwenye sufuria pana yenye maji ya kina cha kidole kimoja, yakiwa yanakaribia kuchemka, nyunyizia humo humo, usikoroge. Maji ya kidole kimoja. Ya vidole vitatu, umepika supu.

Vitabu vya wenzetu huonya sana kwamba maji yasifike nyuzi 100, sufu isiteseke. Nyuzi za joto, si za kufumia. Mimi hapa sina wasiwasi huo. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 92 tu. Maharage yanatusumbua, lakini sufu inatushukuru. Wa Mombasa, nyinyi punguzeni moto mapema.

Kisha funika, zima, nenda kalale. Uzi upoe ndani ya joto lake mwenyewe hadi asubuhi. Chota maji yaliyobaki kwa kijiko cheupe: yakiwa wazi kama ya kunywa, rangi yote imeingia. Yakiwa na rangi, rudisha motoni na uongeze uchachu. Nilimuuzia mteja uzi ambao sikuupima hivyo. Alimfumia mjukuu koti, koti likaloa mate, shati jeupe la mtoto likawa na madoadoa bila mtu kuomba. Nilirudisha pesa na kununua shati.

Kuosha kwa mwisho, tumia shampuu. Ni nywele, si ndiyo?

Sasa kwa wanaofuma. Kwa nini uhangaike na vidoa vidogo wakati ungeweza kuchovya nusu ya fungu kwenye buluu na nusu kwenye waridi? Chukua uzi wa unene wa kawaida. Kishono kimoja hula kama sentimita moja na nusu hadi mbili. Doa la sentimita moja na nusu, basi, ni kishono kimoja. Linatokea, linapotea. Rangi iliyokwenda sentimita ishirini ni vishono kumi au zaidi mfululizo, na safu inayofuata, upana ukiwa ule ule, rangi inaweza kuangukia juu ya ile ya chini, na ya tatu juu yake, hadi mgongoni mwa sweta panatokea dimbwi la buluu kama ramani ya Ziwa Baringo. Doa fupi halifanyi dimbwi. Ndiyo maana uzi huu husamehe mfumaji: mtindo wowote wa kawaida utautosha, na ukikosea kishono, macho yatakwenda kwenye doa. Usiufumie maua magumu na misuko ya kupindana, vitagombana na madoa na vyote vitashindwa.

Kwa mnaokaa kwenye kitanda cha mfumi, ushauri ni tofauti. Madoa yawe kwenye mshindio peke yake, yaani ule uzi unaopitishwa kulia na kushoto; mtande, zile nyuzi zilizotandwa kwanza, uwe wa rangi moja, ikiwezekana nzito. Hapo kila doa litachomoza na kujificha chini ya mtande, kitambaa kitametameta. Ukiweka madoa kote kuwili, kwa mtande na kwa mshindio, yanapandiana na kuwa kijivu. Nimejaribu. Shali ile bado ninayo, analalia mbwa. Na wasokotaji wana njia yao ya tatu: kule Donegal, Ireland, vitone havitiwi kwa unga hata kidogo, vijipande vya sufu iliyokwisha kutiwa rangi hutupwa ndani ya sufu wakati wa kuisokota, vikabaki vimenaswa kwenye uzi.

Mtu akinunua mafungu matano kwa ajili ya sweta moja, mpe yaliyotoka trei moja. Hata hivyo yatatofautiana. Mwambie afume safu mbili kutoka donge hili, mbili kutoka donge lile, apokezanishe hivyo mpaka mwisho. Kina mama wa vijijini nchini Uruguay walioungana mwaka 1968 wakaunda Manos del Uruguay wanauza uzi wa mkono duniani kote, na tofauti hiyo ya fungu na fungu hawaifichi, ndiyo wanayouzia. Kijana wa pale nyuma aliyeniuliza mlangoni kama kuna riziki humu: unga unaotosha kutia gramu 100 za uzi rangi nzito ni kama gramu moja. Kwa madoa robo yake inazidi. Gharama iko kwenye sufu na kwenye muda wako, na muda wako usiutoe bure.

Nimebakiza deni la kijikamba cha pamba. Huyu hapa. Alikuwa amelifunga fungu hili, amechemshwa nalo, amenyunyiziwa nalo, na tazameni: uzi una madoa, yeye karibu ni mweupe. Pamba haina keratini, haiitikii uchachu. Kwa hiyo dada zangu wa pwani, mnaofumia pamba kwa sababu ya joto, msinunue unga wangu. Pamba ina unga wake, ulioanza kuuzwa 1956, miaka mia kamili baada ya yule kijana wa kwinini, na badala ya ndimu unataka kinyume chake: soda ashi, ile inayotoka Ziwa Magadi. Iliyosafishwa, si yale mawe ya kulainishia githeri, ambayo ni hafifu na yana mchanga. Unaloweka uzi kwenye maji ya soda ashi, unakamua vilevile, unanyunyiza vilevile, lakini huwashi moto. Unafunika kwa nailoni na kuacha usiku kucha. Joto la Mombasa linatosha kuikamata rangi. Hapa Nyahururu nilijaribu mwezi wa Julai, ikabidi nilale na trei karibu na jiko. Glavu ni zile zile. Soda ashi inachubua.

Donge langu limefika wapi? Mama mwenye kilemba cha njano, naona umeshalificha chini ya leso. Lete, na ulete na hilo fungu jeupe ulilokuja nalo. Tumechoma kipande chake pale nje, limenuka nywele, tumeridhika. Limelowa tangu nilipoanza kusema, sasa nusu saa imepita. Kunja mikono ya sweta. Glavu hizi hapa, barakoa ile kule. Wawili wasimame kwenye madirisha wayafunge. Wewe kijana wa mlangoni, njoo ushike kichungi.